Mguu wa Kushoto wa Steringi

Kiwandani walimwita Bi Gonga. Jina hilo hakulipenda wala hakulichukia, maana kugonga ndiyo kazi iliyomweka mjini. Kila aina mpya ya kisanamu iliyotoka kwenye kalibu ya kumwagia plastiki ilipita mezani kwake kabla ya kwenda kokote. Alikigeuza, akakagua mshono wa plastiki ubavuni, akazungusha mabega, akachungulia kama rangi ya macho imevuka mpaka. Kisha akakinusa. Ndiyo, akakinusa, kwa sababu plastiki iliyoungua ina harufu yake, na mtoto mdogo kila kitu kwake ni chakula. Mwisho wa yote alikisimamisha juu ya ubao mgumu uliokuwa mbele yake miaka nenda miaka rudi, akaugonga ubao kwa vifundo vya vidole: ko, ko, ko. Kikisimama, kimepita. Kikianguka, alichovya brashi kwenye kikopo cha rangi nyekundu na kukipaka usoni, mtu asije akaingiwa na tamaa ya kukitia mfukoni, kisha kikaenda kusagwa.

Hapakuwa na mashine ya kupima ugongaji wake. Uzito wa ngumi ile aliujua yeye na Mungu wake. Kiwanda kizima kilitegemea mkono wa mwanamke mmoja, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Asubuhi hiyo Fundi wa kalibu, mzee mwembamba mwenye kofia isiyotoka kichwani, alimletea kisanamu kipya kikiwa kimeviringishwa kwenye kitambaa.

"Haya, dada, steringi wetu huyo," alisema. "Mtazame vizuri. Wajukuu zangu wananisumbua tangu walipoona tangazo."

Filamu ya steringi huyo ilikuwa gumzo la kila kona. Steringi, yaani shujaa wake, alikuwa mtu wa kuruka mapaa, na kila aliporuka alitua papo hapo kwa miguu yake, mikono wazi, tabasamu pana. Mkao huo ndio uliokuwa kwenye mabango, na ndio wenye filamu walioutaka kwenye kisanamu. Mtu mwingine yeyote angeanza na uso. Bi Gonga macho yake yalishuka chini yenyewe, yakakwama kwenye mguu wa kushoto.

Mguu ule ulikuwa umeingia ndani. Kidole gumba kilielekea kwenye mguu wa pili kana kwamba kilikuwa na siri ya kuuambia. Bi Gonga aliujua mguu huo kuliko alivyoijua miguu yake mwenyewe. Jana yake jioni alikuwa ameuosha kwa maji ya uvuguvugu.

Ulikuwa mguu wa mdogo wake. Alipokuwa mtoto alidondoka kutoka ukutani kwa jirani, mfupa ukaunga vibaya, ukabaki hivyo. Shuleni, mwalimu wa gwaride akipiga kelele "Mguu sawa!", miguu ya shule nzima ilinyooka isipokuwa mmoja. Mwalimu alimchapa, akambembeleza, akamchapa tena, mwishowe akachoka. Watoto hawakuchoka. Walimpa jina la Mguu Upande, na hata nyumbani jina alilopewa na wazazi likasahaulika.

Lakini mtoto huyo alikuwa na kichaa cha kuruka. Alijifunza kutua kwa namna yake, wa kulia mbele kidogo, wa kushoto ndani, mikono wazi ili asiyumbe. Alipokuwa mtu mzima watu wa filamu wakamwona, wakamchukua. Steringi halisi, yule mwenye sura, alikuwa haruki hata kidimbwi cha maji. Sura ilikuwa yake, lakini kila paa lililorukwa lilirukwa na Mguu Upande, na hata kwenye mabango mwili ulikuwa wa Mguu Upande. Karibu na mwisho wa kazi, paa moja likamshinda. Aliteleza ukingoni akaangukia mgongo. Tangu hapo analala kitandani kwa dada yake, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Filamu ilipotoka jina lake halikuonekana popote, au kama lilikuwapo lilipita wakati watu wanatafuta viatu vyao watoke.

Na sasa watoto mitaani walikuwa wakitembea wameingiza mguu wa kushoto ndani, wakidhani hayo ndiyo maringo ya steringi. Bi Gonga akiwaona, alicheka na kuumia kwa wakati mmoja. Kazini hakumwambia mtu. Walijua ana mgonjwa nyumbani, basi. Hakuwa mtu wa kuanika ya nyumbani.

"Huo mguu unanitia wasiwasi," alisema Fundi. "Mchongaji amenakili bango kama lilivyo, hakufikiria uzito. Niruhusu niunyooshe kwenye kalibu kabla hatujaanza kumwaga maelfu."

"Ukiunyoosha itakuwaje?"

"Itakuwaje nini, dada? Atasimama kama mtu."

"Kwani sasa amesimama kama nini?"

Fundi alimtazama. Hakuwa amezoea kujibiwa hivyo na mtu ambaye kwa kawaida alimtania kuhusu kofia yake. Kabla hajasema neno, Meneja aliingia, kijana nadhifu, simu mkononi, jasho shingoni.

"Mama, nakuomba," alisema. "Wenye filamu wananipigia kila saa. Niambie neno moja tu. Anapita au hapiti?"

Bi Gonga alikisimamisha kisanamu ubaoni. Alijua kabisa kingeanguka. Mtu aliyegonga ubao miaka yote hiyo huyaona maanguko kabla hayajatokea, na hiki kilikuwa kimeegemea kulia kama mlevi anayejikaza mbele ya mkewe. Akigonga, kitaanguka, Fundi atanyoosha mguu, na katika maelfu ya visanamu vitakavyouzwa hakutabaki hata ukucha wa mdogo wake.  Akanyoosha mkono, akagonga.

Aligonga kwa nyama ya vidole, si kwa mfupa.

Kisanamu kilitikisika, kikayumba, kikabaki wima. Fundi, ambaye masikio yake yalikuwa yamezoea mlio mwingine, aliinua uso haraka. Meneja alishajipigapiga mfukoni akitafuta kalamu.

"Anapita," alisema Bi Gonga. 

"Mungu akupe maisha marefu!" Meneja alisema, akatoka mbio na simu yake sikioni.

Fundi alibaki amesimama kidogo. "Haya," alisema tu, akarudi kwenye mashine zake. Bi Gonga aliona haya kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa ndani ya chungu cha wenyewe. Alijiambia ni mara moja tu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kufa kwa sababu kisanamu kimeanguka.

Kiwanda kilikuwa na desturi yake. Kisanamu cha kwanza cha aina mpya kikishapita, hulala nyumbani kwa mkaguzi. Anakaa nacho kama mnunuzi, anakiweka mezani, anakiangusha, anakiogesha akitaka, na kesho yake anakirudisha na maoni. Kwa hiyo jioni hiyo Bi Gonga alipita getini na steringi ndani ya kitambaa chake, kwenye mkoba, mlinzi akampungia mkono, naye akaenda nyumbani akiwa na furaha yenye mwiba ndani.

Mguu Upande alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha, mbele yake kile kijimeza kifupi cha kulia chakula kitandani. Ulimi wake ulikuwa mzima kuliko viungo vyake vyote.

"Umeniletea nini? Kama ni dawa, geuza njia urudi nayo."

"Fumba macho."

"Dada, mimi kutwa nzima sina kazi nyingine zaidi ya kufumba macho. Lete."

Alikiweka mezani. Mguu Upande akaanza na uso, kama watu wote.

"Aa, bwana mkubwa mwenyewe! Hata kwenye plastiki ana majivuno. Tazama hayo meno." Kisha macho yakateremka.  Alikishika, akakisogeza karibu na mwanga, akapitisha kidole juu ya mguu wa kushoto, polepole, kuanzia kwenye goti hadi kidole gumba.

"Wameuchonga," alisema.

"Wameuchonga kama ulivyo," alisema Bi Gonga, na maneno yakamtoka mengi kwa mpigo. "Utakuwa kila nyumba, unaelewa? Kila mtoto. Jina lako hawakuandika, sawa, watajua wenyewe na Mungu wao. Lakini mguu ni wako, na hakuna atakayeutoa."

 Mguu Upande alikirudisha kisanamu mezani, akakiachia. Akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha kulala sana, na kisanamu kikaanguka. Akakiinua. Akakitafutia mahali pengine, penye usawa zaidi, akakiachia. Kikasimama kidogo, kikaanguka tena.

"Dada. Uligonga?"

"Niligonga."

"Uligonga kama unavyogonga?"

Bi Gonga alianza kushughulika na pazia ambalo halikuwa na shida yoyote. Nyuma yake alisikia kisanamu kikisimamishwa tena, halafu vifundo vya vidole vikigonga meza. Mgongo wa mtu yule ulikuwa umekufa lakini mikono yake ilikuwa na nguvu. Ko. Hakufika hata ya pili. Kisanamu kilibiringika kutoka mezani kikaangukia shuka, uso chini.

"Nimeshaanguka, dada," alisema Mguu Upande. Utani ulikuwa umetoka wote sautini. "Nimeanguka mara moja mbele ya watu, kamera zinaendelea kuzunguka. Sasa wewe unataka nianguke kila nyumba? Mtoto anamsimamisha, anaanguka. Anamsimamisha, anaanguka. Unajua atasema nini? Atasema hiki kibovu, atakitupa uvunguni."

"Ni kitu pekee chako kilichobaki mle!" Machozi yalikuwa yameshafika. "Wamekuchukua mzima mzima, wakabakiza mguu. Na huo nao niwape kwa mkono wangu?"

"Mguu wangu ninao. Huu hapa, umeuosha jana. Wa kwao ni wa plastiki, waache waunyooshe."

Hasira zilimpanda Bi Gonga. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Siku nzima alikuwa amejiona shujaa, amejitia doa kwa ajili ya ndugu yake, na ndugu mwenyewe hataki. Alipogonganisha sahani ya tatu akasikia anaitwa.

"Dada! Usinivunjie vyombo. Njoo."

Alirudi, akasimama mlangoni. Mguu Upande alikuwa amekilaza kisanamu juu ya mto, karibu na shavu lake.

"Mwache hapa alale. Akilala haanguki," alisema. Halafu, bila kumtazama: "Na huo mkono wako, usiuharibu kwa ajili yangu. Katika nyumba hii ndicho kiungo pekee ambacho watu bado wanakiamini."

Kesho yake asubuhi Bi Gonga hakwenda mezani kwake. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Meneja, akamkuta Fundi naye yuko pale, wanapanga siku ya kuanza kumwaga.

"Bosi, jana sikugonga."

"Nilikuona unagonga, mama."

"Uliniona nikipapasa."

Waliongozana hadi kwenye ubao. Alichukua kisanamu kingine cha majaribio, cha kalibu ileile, akakisimamisha, akagonga kwa mfupa. Kilianguka hata hajainua mkono mara ya pili. Meneja alikitazama pale kilipolala, akamtazama yeye, uso umemvurugika.

"Kwa nini?"

"Huo mguu ni wa mdogo wangu," alisema Bi Gonga, akawaeleza yote, kwa kifupi, akitazama ubao. Fundi alivua kofia. Watu wengi pale kiwandani hawakuwa wamewahi kuona upara wake.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu palepale, akaeleza mguu ni wa nani, akawaomba wenye filamu wakubali kisanamu kiwe na kitako cha kukishikilia, mguu ubaki ulivyo. Bi Gonga alisikia sauti ya upande wa pili ikicheka. Steringi hashikiliwi na kigingi, walisema. Wakasema mguu unyooshwe. Na habari za mtu mwingine aliyeruka, wakasema, zisizungumzwe, maana hakuna mtu mwingine aliyeruka.

Meneja alikata simu, akaiweka mezani. "Pole sana, mama," alisema. Kisha akasema lile ambalo Bi Gonga alilijua tangu alipoamka. "Lakini kuanzia leo Fundi atagonga kwanza, wewe baada yake. Naomba unielewe."

"Nimekuelewa."

Alielewa, na iliuma vilevile. Aliketi akachovya brashi, akawapaka nyekundu wote waliokuwa kwenye trei, mmoja baada ya mwingine, na Fundi akawahesabu kwa ajili ya kuwasaga.

"Kuna mmoja hayupo," alisema Fundi.

"Yuko nyumbani. Nitamleta kesho."

Fundi alimimina rangi kidogo kwenye kichupa, akampa na brashi. "Mpake hukohuko. Ukipita naye getini hana rangi, watasema umeiba. Umeshapata taabu za kutosha wiki hii."

Jioni, Bi Gonga alipotoa kichupa, Mguu Upande alinyoosha mkono.

"Lete mimi."

"Ni tone moja tu, usoni."

"Najua uso uko wapi."

Lakini hakupaka tone. Alipaka taratibu, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Alifunika meno, akafunika pua, akafunika macho, akazunguka masikio, hadi yule bwana mkubwa akamezwa na wekundu wote. Alipomaliza alikinyanyua kwenye mwanga. Sura ilipoondoka, vilibaki mabega yaliyoinuka kidogo upande mmoja, mikono iliyofunguka, na mguu ulioingia ndani.

"Unamwona?" aliuliza.

Bi Gonga alimwona. Alimwona akiwa juu ya ukuta wa jirani, akiwa kwenye gwaride, akiwa mlangoni asubuhi ile anaondoka kwenda kazini anapiga mluzi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kaa naye," alisema. "Nitawaambia amepotea."

"Si umesema watu wanahesabu?" Mguu Upande alipuliza rangi ikauke. Alikitazama tena kidogo, kisha akakiviringisha mwenyewe kwenye kitambaa kilekile, akakunja pembe zote vizuri, akampa. "Mpeleke, dada. Mimi sitamsimamisha, wala yeye hatanisimamisha."

Alimpeleka. Alimtumbukiza kwenye mashine kwa mkono wake, hakutaka mtu mwingine afanye, na alisimama pale mpaka mlio ukabadilika.

Kalibu mpya ilipokuwa tayari, Fundi alileta kisanamu bila kitambaa na bila mzaha. Miguu yote miwili ilitazama mbele. Tabasamu lilikuwa lilelile. Meneja alisimama pembeni, mikono nyuma. Fundi akagonga kwanza, kisanamu kikasimama, akasogea kumpisha.

Bi Gonga aligonga kwa mfupa. Ko, ko, ko. Kilisimama.

"Amepita," alisema Meneja, akashusha pumzi.

Bi Gonga aligonga tena. Aligonga kwa nguvu zaidi, mpaka vikopo vya rangi vikacheza mezani. Kisanamu kilimtazama kwa meno yake yote, hakikusogea. Aligonga tena. Alitaka kianguke. Mara moja tu, kidogo tu, kiegemee kulia, kiyumbe, kikubali kwamba kuna mtu alikuwa mle ndani ametolewa. Hakikuyumba.

"Dada," Fundi alisema, akamshika kifundo cha mkono. "Amepita. Mwache."

Ndipo alipoona damu kwenye ubao.

Nyumbani, Mguu Upande alimsikia anaingia. Hakugeuka kutoka dirishani, ambako watoto walikuwa wakicheza, wakirukaruka kutoka kwenye ngazi za jirani, mguu wa kushoto ndani.

"Anasimama?" aliuliza.

"Anasimama."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Aligeuka basi, akaona mkono uliofungwa kitambaa. Aliuomba, akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akaufungua. Akavitazama vile vifundo vilivyochubuka, kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

"Leo uligonga kweli," alisema.

Bi Gonga alikwenda jikoni akabandika maji. Yalipopata uvuguvugu alirudi nayo. Alivuta beseni, akafunua shuka, na kwa ule mkono mzima akaanza kumwosha mguu wa kushoto.